Maji machafu wadini: uliza kibali kwanza

Ukiliona gari la maji machafu limerudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa Wadi Tanuf, karibu na Nizwa nchini Oman, na bomba liko wazi, usingoje mtu augue au mtende ukauke ndipo ulalamike. Kama hakuna kibali, kosa limeshatendeka. Amri ya Sultani 114/2001, sheria ya Oman ya kuhifadhi mazingira, ilikataza kumwaga taka na maji yasiyosafishwa kwenye mawadi (mabonde ya mito ya msimu) na falaji (mifereji ya maji ya vijiji) bila kibali. Amri ya 115/2001 ikavilinda vyanzo vya maji ya kunywa. Majirani wengi hunyamaza wakidhani ni lazima walete majibu ya maabara. Kupima ni kazi ya wakaguzi. Wewe uliza tu kibali kiko wapi.

Wala usikubali kuambiwa kwamba wadi ni kavu. Falaji ya ghaili hukinga maji yapitayo wadini, na ya daudi huyatoa chini ya ardhi kwa handaki refu, kwa hiyo kinachozama kwenye changarawe huweza kufika huko. Falaji inapoingia kijijini, pa kwanza huachiwa watu wateke maji ya kunywa. Kisha maji hupita msikitini na mahali pa kuogea, ndipo yakafika mashambani, kila mmoja kwa athar zake, yaani zamu za maji, takriban nusu saa kila moja. Utaratibu wote huo unategemea maji yafike safi.

Mamlaka ya Mazingira, iliyoundwa 2020, ndiyo ya kumsimamisha mchafuzi na kumtaka aondoe uchafu kwa gharama zake. Katika malalamiko yako omba mambo hayo mawili waziwazi, maana faini peke yake haifungi bomba. Kule Tarime, Tanzania, wakazi walilalamikia uchafuzi wa Mto Tigithe tangu 2009. Mei 2019 NEMC, baraza la mazingira la nchi hiyo, iliutoza mgodi wa North Mara faini ya shilingi bilioni 5.6, Julai ikauamuru uache kutumia bwawa lake la mabaki ya mgodi. Amri hiyo ya pili ndiyo iliyogusa chanzo chenyewe.

Andika tarehe, saa, mahali na namba ya gari. Piga picha ukiwa barabarani. Usiingie kwenye uwanja wa mtu wala usilizuie gari. Peleka maelezo ofisi ya mazingira Nizwa, mjulishe wakili (msimamizi) wa falaji na ofisi ya Wali, mkuu wa wilaya, na usiondoke bila namba ya malalamiko. Picha mpe mkaguzi, usizirushe kwenye makundi ya simu: sheria ya makosa ya mtandao ya 2011 inalinda faragha za watu, na mlalamikaji anaweza kujikuta mshtakiwa.

Ndugu yangu dereva, nawe nakuonea uchungu, maana mara nyingi bosi hutoa amri kwa mdomo na jina linaloandikwa ni lako. Mwombe akuandikie ni kituo gani cha kusafishia unapeleka mzigo, na risiti ya kituo uitunze kila safari.

Kama shamba lako limeshaharibika, amri ya kusimamisha haikulipi, lakini pia haifuti dai lako la fidia mahakamani. Piga picha mitende kabla hujaikata, na uhifadhi hesabu za mavuno ya miaka iliyopita.