Mjusi Aliyekataa Kula

Mjusi kafiri ni mnyama mdogo wa nyumbani. Mchana hujificha katika ufa wa ukuta, nyuma ya picha au chini ya mabati. Usiku hutoka kuwinda. Ngozi yake ni laini, rangi yake ni ya kijivu au ya udongo. Macho yake ni makubwa, wala hayana kope za kufumba; huyasafisha kwa ulimi, kama vile paka anavyolamba manyoya yake.

Watu wa pwani husimulia kwamba mjusi huyu alipuliza moto aliotupwa Ibrahimu ili uwake zaidi, na ndiyo sababu aliitwa kafiri. Hayo ni masimulizi. Mnyama hana imani wala ukafiri; ameumbwa ale wadudu, naye hula wadudu. Tena watu wengi husema kwamba ana sumu. Sumu hana. Lakini mavi yake huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Kwa hiyo chakula hufunikwa, na mtu aliyemshika mjusi hunawa mikono kwa sabuni.

Mtoto mmoja wa Kirolirwe, mwanafunzi wa darasa la tano, alileta mjusi wa namna hii kutoka Goma. Alikuwa amekaa kule kwa shangazi yake miezi mingi kwa sababu ya vita. Siku ya kurudi kwao alimtia mjusi katika kopo la maziwa lililotobolewa matundu, akalipakata ndani ya gari. Gari lilifika Sake, likaacha ziwa nyuma, likaanza kupanda barabara ya Kitchanga. Kadiri lilivyopanda ndivyo baridi ilivyozidi. Mtoto akafungua kopo kidogo apate kutazama. Mara mjusi akaruka! Mtoto akafunika upesi, kifuniko kikaubana mkia, mkia ukakatika. Ukaanguka chini ya viti ukirukaruka peke yake, na abiria wakapiga kelele.

Alipofika nyumbani, mtoto alimhamisha mjusi katika chupa kubwa, akaiweka dirishani. Akampa bugali. Mjusi hakula. Akampa haragwe moja lililopikwa. Hakula. Akampa chembe ya jibini, ile jibini ya Masisi ambayo watu huinunua hata Kinshasa. Mjusi hakuigusa. Siku ya tatu mtoto aliua inzi sita, akawapanga mbele yake kama mtu anayeandaa meza ya wageni. Inzi wakakauka. Mjusi alilala chini ya chupa, rangi imekuwa nyeusi, mbavu zinaonekana.

Baba akasema, "Mtupe nje huyo. Atakufa humu na kunuka."

Mama akamwambia mtoto, "Ngoja kwanza. Hata wewe ulipofika Goma hukula siku mbili. Shangazi yako alinipigia simu usiku. Nenda ukamwulize Mwalimu."

Mwalimu alipoiona chupa, aliuliza kwanza, "Mkia wake uko wapi?"

Mtoto akainamisha kichwa, akaeleza mambo ya kopo.

"Umemkata ghala yake," Mwalimu akasema. "Mkia wa mjusi ni mahali pa kuweka mafuta. Mjusi mwenye mkia mnene huweza kukaa majuma kadhaa bila kula, akaishi kwa akiba ile. Huyu hana akiba. Kwa hiyo hatuwezi kungoja sana."

"Basi, Mwalimu, nimfungue kinywa nimtie chakula?"

"La, kijana. Taya lake ni jembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Utalivunja. Shika chupa hii. Unasikia nini?"

"Ni ya baridi, Mwalimu."

"Naye ni wa baridi kama chupa."

Hapo ndipo palipokuwa shida yote. Mtu, mbwa na ng'ombe hufanya joto ndani ya miili yao. Ng'ombe wa Masisi hulala nje katika ukungu, na damu yao hubaki na moto. Mjusi si hivyo. Yeye huazima joto kutoka ukutani, kwenye bati au kwenye jiwe lililopigwa na jua. Mahali pakiwa na baridi, moyo wake hupiga polepole, miguu yake huwa mizito, na tumbo lake haliwezi kusaga chakula. Chakula kikiingia katika tumbo baridi, huoza humo. Basi mjusi aliyekataa kula katika baridi si mkaidi wala hadeki. Mwili wake unamzuia, nao una haki. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, na Goma iko kando ya ziwa hilo. Kirolirwe iko juu zaidi, milimani, na usiku wake ni mkali. Mjusi alikuwa ametolewa katika ukuta wenye joto akawekwa ndani ya kioo, dirishani, penye upepo.

Mtu anaweza kuuliza: mbona mjusi huyu ni msafiri mkubwa? Ni kweli. Jamaa zake walivuka bahari ndani ya merikebu kutoka Afrika mpaka Amerika. Mfaransa mmoja, Moreau de Jonnès, aliandika habari zao mwaka 1818, akiwa amewaona katika visiwa vya Karibi. Lakini katika merikebu palikuwa na giza, palikuwa na joto, tena mende walikuwa tele. Katika chupa ya Kirolirwe hapakuwa na hata kimoja cha vitu hivyo.

Siku ile ile mtoto na Mwalimu walitafuta sanduku la mbao. Juu yake walipigilia kipande cha chandarua kuukuu. Ndani waliweka gamba la mti lililopinda, mjusi apate kujificha chini yake, maana mnyama anayeona macho ya watu kila upande hawezi kula kwa amani. Jioni walijaza chupa maji ya moto, wakaifunga kwa kitambaa kizito, wakailaza upande mmoja wa sanduku. Upande mmoja tu! Mjusi akiona joto limezidi, aweze kwenda upande wa pili. Wengine huweka kopo la mjusi juani wakidhani wanamtendea mema. Kwa muda mfupi tu kopo huwa kama chungu juu ya mafiga, na mjusi hufa.

Sahani ya maji hawakuweka. Mjusi wa nyumbani hulamba matone yaliyo ukutani, kama yale ya umande. Basi mtoto alichovya vidole katika maji safi, akanyunyiza upande mmoja wa sanduku. Baada ya kitambo ulimi mdogo mwekundu ukatoka, ukalamba tone moja, la pili, la tatu. Mtoto alitaka kupiga kelele za furaha, lakini Mwalimu akaweka kidole mdomoni.

Ikabaki kazi ya chakula. Macho ya mjusi hutafuta kitu kinachojongea. Kitu kisichojongea kwake ni kama jiwe. Ndiyo maana inzi sita waliokufa hawakumfaa, sembuse jibini. Mwalimu alitundika taa nje, karibu na ukuta mweupe, na nondo wakaja. Mtoto alikamata mkubwa kuliko wote. Mwalimu akamkataza. Mdudu asizidi upana ulio katikati ya macho mawili ya mjusi. Akizidi, mjusi huogopa, au humkaba kooni. Nondo wadogo wanafaa, na mende wachanga, panzi wadogo na buibui wadogo. Siafu hawafai, wala viwavi wenye manyoya. Tena panzi wa shamba la viazi lililopigwa dawa asipewe kabisa, kwa sababu dawa iliyo mwilini mwake itamwua mjusi pia.

Usiku wa kwanza waliingiza nondo wawili. Mjusi hakutoka. Asubuhi mtoto aliwatoa nondo, maana wadudu wenye njaa, kama panzi na nyenje, huweza kumtafuna mjusi aliyelegea. Alibadili maji ya moto kabla ya kwenda shuleni. Siku hiyo hesabu zake hazikuwa nzuri.

Usiku wa pili nyumba ilikuwa kimya. Baba mwenyewe alikuja na kigoda akaketi, akisema kwamba anapumzika tu. Nondo mmoja alitambaa juu ya gamba la mti, akapepesa mabawa. Kichwa cha mjusi kikatokea. Kikageuka. Mjusi akapiga hatua moja, akasimama; akapiga hatua ya pili, akasimama tena. Kisha akaruka, na mabawa ya nondo yakawa nje ya kinywa, pande mbili, kama masharubu. Akameza mara tatu, akalamba jicho la kulia.

"Anakula!" Baba akasema kwa sauti kuliko wote.

Tangu siku ile alipewa wadudu watatu au wanne kila siku ya pili, wakati wa jioni. Siku moja aliacha kula tena, na mtoto akaogopa. Lakini ngozi ilikuwa imekuwa nyeupe kama karatasi. Mjusi alikuwa anajivua ngozi, na siku za namna hiyo wengi wao hawali. Akaivuta kwa kinywa chake, akaila yote, na kesho yake akawinda. Baada ya majuma kadhaa mkia mpya ukachomoza, mfupi na laini. Mkia wa pili hauna mifupa kama wa kwanza, lakini hushika mafuta.

Mtoto hakumweka sandukuni siku zote. Mwisho wa muhula alilifungua karibu na ukuta wa jiko, mahali panapobaki na joto mpaka alfajiri. Mjusi akapanda moja kwa moja, akapita juu ya mlango, akaingia katika ufa. Mama alifunika chungu cha maharage.

Maneno mapya: kupakata, ghala, gamba, chandarua, nondo, kujivua, kuchomoza.

Maswali
1. Kwa nini Mwalimu aliuliza habari za mkia kabla ya mambo mengine?
2. Mjusi hupata joto lake wapi? Ng'ombe je?
3. Kwa nini chupa ya maji ya moto iliwekwa upande mmoja tu?
4. Taja wadudu wanaomfaa mjusi, na wasiomfaa. Eleza sababu.
5. Usiku wa leo tazama ukuta ulio karibu na taa. Andika mistari mitano juu ya mambo uliyoyaona.