Unyoya, Uzi na Ndoana: Mafunzo Niliyopata Matema

Mjomba wangu alinifundisha kufunga chambo cha manyoya pale Matema, kando ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone. Chake kilikuwa cha namna moja tu: ndoana, manyoya mawili meupe ya shingo ya jogoo, na uzi mwekundu shingoni. Kinaiga usipa, kisamaki cheupe kama fedha ambacho mbasa, samaki tunaomvua, hukipenda. Tangu hapo nimekifunga kwa namna nyingi, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Mjue unayemwiga. Mwanzoni nilijaza manyoya, nikiamini kinono ndicho kitakachoonekana. Mbasa walikifuata, wakageuka. Mjomba akanimwagia usipa kiganjani. "Mpwa wangu, umemwona aliyenenepa?" Wote walikuwa wembamba. Nikapunguza manyoya.

2. Uzi ndio unaoshika kazi. Nilitumia uzi wa cherehani mkavu, unyoya ukachomoka siku ya pili. Sasa naupaka nta ya nyuki kwanza. Kila mzunguko unabana ule uliotangulia, kisha namalizia kwa mafundo mawili karibu na tundu la ndoana.

3. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Kuna msimu nilibadili rangi, urefu na ukubwa wa ndoana kwa mpigo. Samaki walikula, lakini sikujua walivutwa na nini, na walipoacha sikujua nirudishe kipi. Siku hizi nikibadili urefu, rangi naiacha ilivyo.

4. Rangi huchaguliwa na maji. Kiangazi, ziwa likiwa safi, kinatosha kile cheupe cha mjomba, nikikiongezea ukanda mwembamba wa karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Masika, mito ya Lufilyo na Mbaka hushusha udongo na maji ya mdomoni mwa mito huwa kahawia. Hapo nafunga unyoya mweusi, maana umbo lake huonekana vizuri zaidi katika maji machafu, na hata jua linapozama.  

5. Chambo nacho kina msimu wa kulala. Mvua zikikolea, mbasa hupanda mito kutaga kwenye changarawe. Mwaka mmoja nilivulia mdomoni mwa mto, nikapata jike kubwa. Nilipompasua, tumbo lote lilikuwa mayai. Mjomba hakunikemea. Alikunja mshipi wake, akaondoka. Kimya kile kilinifunza kuliko maneno.

Ndiyo maana wakati huo utanikuta barazani, jogoo wakipita miguuni, nikifunga vyambo vya kiangazi na kuvipanga katika kopo. Mbasa wakishuka kurudi ziwani, watanikuta tayari.