Kuzuia Kuvu kwenye Maembe Bila Maji Moto
Embe lililoondoka Minjila likiwa safi laweza kuota madoa meusi kabla lori halijafika Mombasa, na anayepunguziwa bei ni mkulima. Kuvu ya chule huingia mti unapochanua, ikajificha chini ya ganda hadi tunda liive. Ndiyo maana maji yenye klorini huua mbegu za kuvu zilizo juu ya ganda tu. Matawi makavu yakatwe mapema. Wakati wa kuvuna, embe lichumwe na kikonyo kirefu. Kikatwe kivulini, tunda likiinamishwa ili utomvu uchuruzike usichome ganda. Lioshwe, likauke, lipangwe kwenye kreti, gunia hubonda. Barafu nayo isitumiwe: chini ya nyuzijoto 10 embe hudhurika na kuoza upesi likitolewa.