Kuchagua Kompyuta Ndogo ya Nyumbani

Swali la mfano

Familia moja ya Kerenge, wilayani Korogwe, inataka kununua kompyuta moja tu. Watoto wawili, mmoja wa Kidato cha Pili na mwingine wa Kidato cha Nne, wataitumia kusomea. Mama hupiga picha za paspoti na za harusi, naye atazisafisha humo. Nyumba hutumia uniti 50 za umeme kwa mwezi. Fundi amewaletea mbili zilizotumika. Ya kwanza ni ya kasha kubwa: prosesa Core i5-6500, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500. Ya pili ina ukubwa wa kitabu kinene: Core i5-8500T, RAM GB 8, SSD ya GB 256. Ya kwanza ni rahisi zaidi kwa bei. Washauri.

Maelezo

Usianze na bei. Anza na kazi. Kusoma vitabu vya Maktaba Mtandao ya TET au mitihani iliyopita ya NECTA ni kazi nyepesi, na zote mbili zinaiweza. Kazi nzito ni ya mama. Picha ya simu yenye pikseli 4,000 kwa 3,000 ina pikseli milioni 12. Kila pikseli huchukua baiti 3, yaani nyekundu, kijani na bluu. Kwa hiyo picha ikifunguliwa hukalia MB 36 za RAM, hata kama faili lenyewe lilikuwa MB 4 tu kwa kuwa lilibanwa. Matabaka 10 ya ukubwa huo katika GIMP, programu isiyolipiwa, ni MB 360, na bado programu hutunza hatua za nyuma ili uweze kutengua ulipokosea. GB 4 zingebana. GB 8 zinatosha.

Tofauti ya kwanza, basi, iko kwenye diski. SSD haina kinachozunguka, hivyo kompyuta huwaka na kufungua picha upesi zaidi. Ya pili iko kwenye namba ya prosesa, ambayo wanunuzi wengi huipita bila kuisoma. Tarakimu inayofuata kistari ni kizazi: i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500T ni cha 8. (Kwa i5-10400 soma tarakimu mbili: kizazi cha 10.) Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi Core i5 ya kizazi cha 6. Herufi T huonyesha prosesa ya kutumia umeme kidogo.

Sasa umeme. Tuseme kompyuta kubwa hutumia wati 150, ndogo wati 20, na skrini wati 25 kwa kila moja, saa 6 kwa siku, siku 30.

Kubwa: 175 × 6 × 30 ÷ 1,000 = uniti 31.5
Ndogo: 45 × 6 × 30 ÷ 1,000 = uniti 8.1

Ukijumlisha na zile 50, kubwa inafikisha uniti 81.5 na ndogo 58.1. Kundi la matumizi madogo la TANESCO, D1, kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hutozwa bei ya juu zaidi. Unafuu wa dukani utaliwa na LUKU.

Jibu: wanunue ndogo. Lakini mtahiniwa mzuri ataje pia kasoro zake. GB 256 zitajaa picha, hivyo mama atahitaji diski ya nje. Haina betri, umeme ukikatika, kazi ambayo haijahifadhiwa inapotea, kwa hiyo UPS iingie kwenye bajeti pamoja na skrini. Anayependekeza kompyuta mpakato kwa sababu ya betri asinyimwe alama, mradi aonyeshe kwamba skrini yake ni ndogo kwa kusafishia picha.

Zoezi

1. Harusi moja ina picha 400 za MB 4 kila moja. Harusi ngapi zitaenea kwenye GB 160 zilizobaki? (Chukua GB 1 = MB 1,000.)
2. Familia ikiongeza friji inayotumia uniti 20 kwa mwezi, je, kompyuta ndogo bado itawaweka ndani ya uniti 75? Onyesha hesabu, kisha pendekeza saa za matumizi.