KOMBE HALIKATWI KWA NGUVU
Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni kweli huko shambani, ambako mvivu husingizia mpini. Lakini ipo kazi moja ambayo asiyechagua kifaa huambulia vipande tu: kukata kombe. Tafadhali usidhani nazungumzia lile kombe la kandanda analokabidhiwa nahodha! Nasema juu ya makombe ya baharini, na hasa kete, zile ndogo zing'aazo ambazo vikundi vya ngoma vya shule hushona kwenye mikanda ya ngozi kabla ya Tamasha la Muziki.

Mtu atauliza, sisi wa Meru na Embu na makombe wapi na wapi? Hiyo ndiyo sababu hasa ya somo hili. Bahari iko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Kete nyingi za kikundi chetu ni za kuazima kutoka kwa kina nyanya. Moja ikipasuka, huwezi kuteremka sokoni ukanunua nyingine ya umri ule. Imekwenda.

1. Kombe limeumbwaje?

Kombe limejengwa kwa kalisi kabonati, mada ileile ya mawe ya chokaa. Mnyama wa baharini huitandaza tabaka juu ya tabaka, mfano wa chapati ya kusukuma, na kati ya tabaka kuna utando mwembamba unaozishika kama gundi. Kombe lililokaa juani miaka mingi hupoteza gundi hiyo, nalo huwa jepesi kuvunjika.

Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kilichotolewa mwaka 1812, ukucha wa mtu hupata karibu 2.5, kombe kati ya 3 na 4, chuma cha kisu karibu 5.5, na chembe za mchanga mweupe 7. Maana yake ni nini? Kombe si gumu! Kisu hulikwaruza, na mchanga hulisaga. Udhaifu wake ni kwamba halipindi. Ukilipiga, nguvu yote hukimbilia mahali pamoja na ufa hujichagulia njia wenyewe. Basi kanuni ni hii: kombe husagwa, halipigwi.

2. Waliotutangulia walijua

Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wataalamu walichimbua shanga za makombe ya baharini, na ya kale zaidi inakisiwa kuwa na miaka zaidi ya 60,000. Huko Shanga, mji wa kale katika kisiwa cha Pate, vilipatikana vigae vya vyungu vyenye mifereji. Fundi alisugua shanga zake za makombe katika mfereji hadi zikawa mviringo. Kigae cha chungu kilichovunjika, basi! Hakuna stima, hakuna mashine.

Kete nazo zilikuwa pesa. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg, Ujerumani, walizinunua Zanzibar na kuzipeleka Afrika Magharibi. Huko Buganda zilitobolewa na kutungwa uzini ili zihesabike, na mpaka leo Mganda huita pesa ensimbi. Sisi katika Kiswahili tunalo neno simbi, yaani kete. Je, mtu angevunja pesa zake akizitoboa? Ndiyo maana walijifunza kufanya kwa uangalifu.

3. Kuchagua kifaa

(a) Nyundo, patasi na koleo. Viache hapo vilipo. Wapo wanaogonga mgongo wa kete kwa nyundo ndogo, ati ni haraka. Wakibahatika hupata tundu lenye kingo kali, na kingo hizo hukata uzi siku ya mashindano.

(b) Kinoo. Hiki ndicho kifaa bora cha kete, na karibu kila boma lina jiwe la kunolea panga. Kinoo cha chembe ndogo ndicho kizuri. Lowesha jiwe, shika kete mgongo ukiangalia chini, kisha sugua kwa kuzunguka bila kukandamiza. Mgongo utakuwa bapa, halafu tundu dogo litafunguka lenyewe. Hapo punguza nguvu, kwa maana ukingo ni mwembamba. Kete sasa italala vizuri juu ya ngozi.

(c) Msumeno. Kombe pana, kama la chaza, huhitaji msumeno. Sasa tufanye hesabu. Hekso yenye meno 18 kwa inchi ina nafasi ya milimita 1.4 kati ya jino na jino. Kombe la unene wa milimita 2 hushikwa na jino moja tu au mawili, nalo hurukaruka hadi lipasuke. Hekso ya meno 32 ina nafasi ya milimita 0.8, hivyo meno mawili au matatu hushika pamoja. Msumeno wa sonara una meno madogo zaidi, nao hukata hata mviringo. Chora mstari kwa penseli, weka kombe juu ya ubao wenye kitambaa, na uvute msumeno taratibu. Usikate mpaka mwisho ukiwa na pupa. Sentimita ya mwisho ndiyo huvunjika.

(d) Keekee. Kwa tundu la uzi, chagua ncha nyembamba ya milimita 1 na uizungushe kwa mkono. Weka kibao chini ya kombe ili upande wa pili usimeguke.

(e) Msasa. Zamani mafundi walilainisha kazi kwa majani makavu ya mti uitwao msasa, na karatasi yetu ikarithi jina. Tumia ule unaovumilia maji, kama wa wapaka rangi magari. Anza na namba 120, kisha 400, umalize na 1000.

4. Maji ni kifaa pia

Wazee wa Kimeru husimulia kuwa babu zetu walitoka Mbwaa, kando ya bahari, wakiwakimbia mabwana walioitwa Nguo Ntune. Mabwana hao waliwatwika mafumbo. Moja lilikuwa kutoa tunda ndani ya shimo jembamba bila kuligusa kwa mkono wala kulichoma. Babu zetu hawakuchimba. Walimimina maji, tunda likaelea!

Mkata kombe naye amimine maji. Maji hupoza kifaa, huondoa unga, tena huzuia vumbi lisiingie mapafuni. Vumbi la kombe si la kuchezea. Funga kitambaa puani na usisugue kombe kavu darasani. Ukitumia keekee ya stima, iweke mbali kabisa na maji.

5. Onyo

Ukienda Pwani, usiokote ovyo. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, haziruhusu mtu kubeba kombe. Mahali pengine pia, kombe lenye mnyama hai ni nyumba ya mwenyewe.

Zoezi
1. Kombe lina unene wa milimita 3. Utachagua hekso ya meno mangapi? Toa sababu.
2. Eleza kwa nini kinoo kinafaa kuliko nyundo.
3. Tunga sentensi ukitumia methali "Bandubandu huisha gogo" kuhusu kazi hii.

Majibu mlete katika mkutano wa Chama cha Kiswahili. Atakayekuja na kete aliyoisaga mwenyewe, nzima bila ufa, ndiye tutakayempa mkanda wa nyanya aushone.