Usiku kinga yako inalala wapi?
Somo kwa wenye kusafirisha mazao siku nyingi njiani



Katika masomo yaliyopita tulizungumuza juu ya kukausha karanga na juu ya kuandika daftari ya mauzo. Leo tunafuata mazao njiani. Koperative nyingi za upande wa Kasongo hazina gari. Mafuta ya mawese, mchele na karanga vinafika Kindu juu ya kinga, mutu akisukuma kwa miguu siku nne ao tano, na zaidi kama mvua imeharibu njia. Mchana mwenye kinga iko macho. Hasara nyingi tunazosikia zinatokea usiku, ao saa ile mutu anaegemeza kinga na kuingia kuomba maji ya kunywa.

Nianze na jambo moja. Musimu moja wa mawese, wanaume wanne wa koperative tuliyokuwa tunasindikiza waliondoka na mabido 28, kila kinga mabido saba. Mafuta hayakuwa yao peke yao. Wamama kumi na mmoja walitoa yao, kila mmoja na alama yake kwenye bido. Usiku wa tatu wakalala katika mugini wasioujua, kwa mutu aliyewapokea vizuri na kuwapa maji ya kuoga. Kinga ziliegemezwa nyuma ya nyumba, upande wa jiko, juu mbele kulikuwa watoto wengi. Asubuhi walihesabu: mabido 28, hakuna iliyopotea. Walishukuru, wakaenda.

Kule Kindu munuzi akachukua muti mwembamba, akauingiza mpaka chini ya bido. Juu mafuta, chini maji. Mabido matano yalikuwa hivyo. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanashuka chini yenyewe, na ukifungua kifuniko unaona paka wekundu wa mawese. Munuzi akakataa hata yale mabido mazuri.

Lakini shida kubwa ilingoja nyumbani. Wamama waliuliza: «Ni mutu wa njiani, ao ni ninyi wenyewe?» Hakuna aliyekuwa na kitu cha kuonyesha. Mmoja wa wale wanne aliacha koperative. Hakuna aliyemufukuza, alichoka tu kuangaliwa.

Ndiyo sababu somo hili linazungumuza mambo mawili pamoja: fasi ya kulaza kinga, na namna ya kufunga muzigo kusudi asubuhi uweze kujua, na kuonyesha wengine, kama kuna mutu aliyeugusa.

Chagua mbele ya giza

Watu wa kinga wanapenda kusema «tusukume kidogo tena, mugini uko karibu». Kwetu jua linazama karibu saa moja ile ile miezi yote, na giza linaingia mara moja. Anayefika gizani anakubali fasi yoyote na bei yoyote. Haoni kama udongo ni wa maji, haoni nani anamwangalia. Kwa hiyo anza kutafuta fasi jua likiwa bado juu ya miti, hata kama miguu ingali na nguvu. Ile saa moja ya njia unayoacha, utaipata kesho asubuhi kwenye baridi.

Ukifika, usishushe muzigo kwanza. Simama, salimia, uliza, angalia. Nyumba nzuri ni ile ya katikati ya mugini, yenye familia inayolala pale na kuamka pale, karibu na baraza wanapokaa wazee, ao karibu na nyumba ya shefu. Kiwanja cha kanisa, cha musikiti ao cha santé kinafaa pia kama kuna sentinele, lakini uliza kama sentinele analala hapo kweli. Masomo yakifungwa, kalasi ni tupu na mulango hauna kufuli. Hiyo si fasi ya kulaza mawese ya wamama kumi na mmoja.

Nyumba ya mwisho ya mugini, ile inayotazama pori, iache. Nyumba inayouza lotoko pia. Wengine wanaipenda kwa sababu kuna watu wengi na muziki, wanafikiri mwizi ataogopa. Katikati ya usiku wale watu wengi wote wamelewa, na kila mutu anayepita kiwanjani anaonekana kama mugeni wa nyumba. Na bariyeri: uipite mchana, na karatasi zako mukononi, kisha endelea mpaka penye familia. Kulala pembeni ya bariyeri ni kuomba maulizo usiku kucha.

Jijulishe kwa shefu wa mugini. Onyesha karte ya uchaguzi na barua ya koperative yenye kuandika hesabu ya mabido ao ya mifuko. Wengi wananijibu: «Shefu ataomba kitu.» Ni kweli, mara ingine anaomba. Mimi naona ni afazali kumupa kipande cha sabuni ao chumvi kidogo kuliko kulala bila mutu yeyote kujua uko wapi. Kitu kikipotea, shefu aliyekuona jana jioni ataita watu wake. Yule asiyekujua atakuuliza wewe ni nani.

Kisha patana na mwenye nyumba mbele ya kushusha: analipwa nini, kinga zinakaa wapi, nani anaingia ndani. Fanyeni mapatano mbele ya mutu wa tatu. Usifiche kwa mwenye nyumba hesabu ya muzigo, lakini usiseme kwa kila mutu bei unayotumainia kule Kindu, wala siku utakayorudi. Wakati wa kurudi kinga ni nyepesi lakini mufuko ni muzito, na mwizi anajua kuhesabu siku. Penye rezo, makuta yatumwe kwa telefone. Mahali hakuna, rudini pamoja, na msilale katika nyumba ile ile kama mlionekana na watu wengi mara ya kwanza.

Udongo, mvua na wadudu

Bido ya litre 20 ya mawese inafika karibu kilo 18. Mabido saba ni kilo 126, bila kuhesabu chakula na nguo zako. Kinga ya namna hiyo ikianguka usiku inapindisha gurudumu, inapasua bido, na kama mutu amelala karibu inamuvunja muguu. Tafuta fasi ya sawa, isiyo ya kushuka. Muti wa panda wa kuegemeza uweke juu ya jiwe bapa ao kipande cha ubao, kwa sababu mvua ikinyesha unazama katika potopoto na kinga inafuata. Lakini vizuri zaidi ni kushusha muzigo wote, hata kama umechoka. Vile vyuma vyembamba vya gurudumu vinapumzika, mipira inapumzika, na muzigo unalala ndani na wewe.

Usilaze kinga chini ya muti mukubwa wakati wa mvua: tawi linaanguka, na radi inapenda miti mirefu. Usiilaze chini ya ngazi yenye mukungu uliokomaa. Kila mutu wa mawese anajua uzito wa mukungu ule. Pembeni ya mto usiangalie maji ya leo. Angalia majani makavu na taka zilizoshikwa kwenye vijiti: pale njo maji yalipofika mara ya mwisho, na mvua inaweza kunyesha mbali, juu, wewe ukiwa umelala kwenye jua kavu.

Mwenye kubeba karanga, mchele ao unga ana kazi zaidi. Mifuko isikae chini wala isiguse ukuta wa udongo. Panga miti miwili ao mitatu, weka mifuko juu. Mchwa wanakula mufuko toka chini katika usiku moja, na unyevu unapanda bila kelele. Karanga zikilowa zinaota ukungu, na ndani ya ukungu ule kuna sumu inayoitwa aflatoksini. Inaharibu maini, na kupika ao kukaanga hakuiondoi yote. Ukifunika na bashi usiku, fungua asubuhi ili hewa ipite. Mufuko uliolowa utenge, uanike mara tu jua likitokea, hata kama wenzako wananungunika. Usiuchanganye na mingine.

Unga unashika harufu haraka. Usiulaze kwa kadafi, mwenye kuuza mafuta ya pikipiki, hata kama ni ndugu yako na hataki makuta. Na mawese usiyalaze karibu na moto wa jiko. Mbuzi na kuku nafikiri hamuna lazima niwafundishe.

Fungo la uzi na mushumaa

Sasa turudi kwenye yale mabido matano. Baada ya ile hasara koperative ilibadilisha kazi yake hivi.

Siku ya kujaza, wanaacha vidole viwili bila mafuta juu, kwa sababu joto la mchana linapanua mawese na kifuniko kinavuja. Wanapima kila bido kwenye mizani mbele ya mwenye mafuta na mbele ya mwenye kinga, na kilo zinaandikwa katika daftari. Kisha uzi wa nayilo unapitishwa katika mushikio na juu ya kifuniko, mara mbili, unafungwa fungo, na juu ya fungo wanaangusha mushumaa. Mushumaa ukiwa bado laini, watu wawili wanagandamiza vidole gumba vyao. Rangi ya uzi inabadilika kila safari, na wanaoijua ni komite na wenye kinga peke yao.

Mwizi anaweza kukata uzi, ni kweli. Lakini hawezi kuurudisha sawa vile ulivyokuwa. Ndiyo kazi yake. Asubuhi, mbele ya kushukuru mwenye nyumba na mbele ya kufunga hata bido moja kwenye kinga, wote wanapita kuangalia mafungo. Fungo moja likiwa limevunjika, hawaondoki. Wanaita mwenye nyumba na shefu pale pale, wanaingiza muti mpaka chini, na wakipata mizani wanapima. Litre 20 za maji ni kilo 20, za mawese ni karibu 18. Bido iliyokunywa maji imekuwa nzito kuliko ilivyoandikwa. Neno linaisha katika mugini lilipotokea. Halisindikizi watu mpaka kwao.

Na mwenye kinga analindwa pia, tusisahau. Akifika Kindu na mafungo mazima, hakuna mama atakayemuuliza.

Usiku wenyewe: muzigo ndani, watu wawili wanalala karibu na mulango, wanabadilishana. Kinga zote zinafungwa pamoja na munyororo moja, ukipita katika fremu na gurudumu, kisha kwenye nguzo ya nyumba. Ukifunga gurudumu peke yake, mwizi anaacha gurudumu na kubeba kinga. Ufunguo unakaa shingoni mwa mutu moja anayejulikana. Baba mmoja wa Kasongo ananiambia yeye anafunga kamba nyembamba toka kwenye kinga yake mpaka kwenye kopo tupu pembeni ya kichwa chake. Watoto wa nyumba wanacheka. Yeye analala.

Kusimama kidogo mchana

Hapa nitasema kidogo. Kwenye mulima simamisha kinga ikitazama juu, na jiwe nyuma ya gurudumu. Toka kwenye njia kabisa, na usisimame kwenye kona, kwa maana kamio ikiteleza katika potopoto haichagui. Mkiwa wawili, moja anaingia kunywa, moja anabaki. Ukiwa peke yako, omba maji yaletwe pale ulipo. Usimwachie mtoto kinga yenye kilo 126. Ikimwangukia, hakuna bei ya mawese itakayolipa.

Usiku wa mwisho, Alunguli

Wenye kutoka Kasongo wanafika kwanza Alunguli, upande huu wa Lualaba, na soko kubwa iko ngambo. Mutu anaona taa za muji, anasikia musiki, siku tano ziko miguuni, anataka kuvuka usiku uleule kwa mtumbwi. Usivuke usiku. Mtumbwi uliojaa mabido ukipinduka, wewe utatafuta kuogelea, mabido yatatafuta njia ya Kisangani. Tena, kule ngambo usiku utalaza muzigo wapi? Lala Alunguli kwa mutu ambaye koperative inamujua, na asubuhi vuka ukiona watu na mizigo yao. Wakati wa kuvuka, mutu moja atangulie na kupokea, moja abaki na muzigo mpaka bido ya mwisho. Mafungo yaangaliwe tena ngambo, mbele ya munuzi kufika.

Kazi ya mkutano ujao

Kila mwenye kinga alete majina ya migini alimolala musimu uliopita, na aseme wazi: nani alimupokea, alilipa nini, kama kuna kisima karibu, kama nyumba inavuja, kama alipoteza kitu. Mwandishi aandike katika ukurasa moja wa daftari, kwa mufuatano wa njia toka nyumbani mpaka Alunguli. Kwa kila siku ya njia mutafute nyumba mbili, kwa sababu ile ya kwanza inaweza kuwa na kilio ao mugonjwa. Wamama wenye mafuta wakae katika mkutano huo, wasikie fasi ambamo mali yao inalala, na wao njo waseme kama wanakubali.