Mtoto Anayeugua Kila Mwezi: Namna ya Kuufikia Ugonjwa Wenyewe

Mwanangu alitibiwa malaria mara saba kabla hajafikisha miaka mitatu. Mara nne kipimo kilionyesha hana, lakini kwa kuwa homa ilikuwepo alipewa dawa ya mseto tukarudi nyumbani. Kumbe alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mzazi mwenzangu, kama wako naye haishi kuugua, anza hivi.

Kwanza, daftari. Zahanati inaiona homa ya leo tu. Wewe ndiye unayeiona miezi yote. Andika tarehe, ulichokiona kwa macho, dawa aliyopewa na majibu ya kipimo. Usiandike "aliumwa sana." Mimi niliandika: "Machi 4, vidole vya mkono wa kushoto vimevimba hadi vinang'aa, hakuanguka, nikimgusa analia. Machi 9, macho ya manjano, mkojo kama chai ya rangi." Mistari hiyo miwili ilimfanya daktari aweke kalamu chini na kuanza kuniuliza maswali. Viambatishe vyeti vyote, pamoja na kadi ya kliniki.

Pili, badilisha swali. Ukiuliza "mtoto ana nini leo?" utajibiwa la leo. Baada ya shikamoo, fungua daftari useme: "Daktari, hii ni mara ya tatu anaishiwa damu. Kinachoimaliza ni nini?" Kumwongezea mtoto damu kunaokoa maisha, ila hakujibu swali hilo. Wazazi wengi huruhusiwa wodini wakiwa na furaha kwamba damu imepanda, na mwezi unaofuata wamerudi kitanda kilekile. Usiondoke bila kuuliza. Kuuliza si kumkosea mganga adabu.

Tatu, jua kipimo anachopimiwa mtoto. Kipimo cha siklingi, kinachotafuta selimundu, ni cha haraka, lakini hakitenganishi mtoto mgonjwa (SS) na aliyebeba tu kinasaba (AS). Wote wawili huonyesha ndiyo. Kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza hata kusema hapana ilhali ugonjwa upo, kwa sababu bado ana himoglobini ya tumboni. Kinachotoa jibu ni kipimo cha kutenganisha aina za himoglobini, yaani elektroforesisi. Akiongezewa damu, damu ya mtu mwingine huyavuruga majibu kwa takriban miezi mitatu. Basi omba sampuli ichukuliwe kabla ya chupa ya damu kutundikwa. Hili sikulijua, na lilitugharimu miezi yote hiyo ya kusubiri.

Nne, rufaa. Kama kipimo hakipo hapo, omba rufaa ya maandishi kwenda kwa daktari bingwa wa watoto. Uliza mapema bima inalipia nini, na nauli uitenge kwa safari mbili, kwa maana majibu mara nyingi hayatoki siku hiyohiyo. Majibu yakionyesha si selimundu, usilifunge daftari. Maumivu ya mifupa na kuishiwa damu huletwa pia na saratani ya damu, na homa isiyoisha inaweza kuwa kifua kikuu.

Nyumbani yatasemwa mengi: mchango, jicho la watu, ukoo wa mama. Mtoto wa SS amerithi kwa baba na kwa mama, kila mmoja kinasaba kimoja. Mlete baba naye apimwe, asikie mwenyewe kutoka kwa mtaalamu.

Wakati mnasubiri, kuna dalili zisizongoja tarehe ya kliniki: homa kali, kupumua kwa shida, viganja kuwa vyeupe ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea. Akionyesha mojawapo, hata kama ni saa nane za usiku, mbebe mwende.

Siku ya majibu, yachukue kwa maandishi, uliza kliniki inaanza lini, kisha wapeleke na ndugu zake wakapimwe.